Fundi kapiga Windows upya, akaacha programu inayonisomea

Wakuu, habari za humu ndani.

Hili limenikuta mimi mwenyewe mwezi uliopita, hapa Songea. Sina cha kuongeza wala kupunguza.

Kwanza mjue kwamba mimi sioni. Nilikuwa mwalimu, macho yakaniishia kazini, sasa nimestaafu na naishi peke yangu Bombambili. Laptop naitumia kwa screen reader, ile programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo.

Ikaanza kuganda kila saa. Nikampigia fundi mmoja wa mjini, nikamwambia apige Windows upya, clean kabisa, halafu anirudishie programu zote kama zilivyokuwa. Nikampa bodaboda ampelekee.

Kuhusu macho sikumwambia. Huwa sipendi, watu wakishajua wanaanza kuongea na mimi kama mtoto. Kosa langu la kwanza hilo.

Kesho yake ikarudi. Nikawasha, kimya. Nasikia feni tu. Najua mtaniuliza kuhusu Narrator, screen reader inayokuja na Windows yenyewe. Nilijaribu, kimya vilevile. Kumbe hata driver ya sauti, ile programu inayoendesha spika, haikuwekwa.

Nikampigia fundi.

"Mzee, program zote nimerudisha," akasema. "Office ipo, player ya muvi ipo, antivirus ipo. Ila kulikuwa na kidude kinaongea-ongea chenyewe, nikajua ni virusi. Hicho nimekiacha."

Nilikata simu kwa hasira, maana ningefungua mdomo ningemtukana.

Wakuu, siku tatu. Simu yangu ni kitochi, hivyo hata gazeti sikuwa na pa kulisomea. Nilizoea kunywa chai huku ile sauti inasoma habari na mimi nabishana nayo. Sasa nikawa nakunywa chai nasikiliza kijiko. Upweke niliusikia wote kwa mkupuo, na sioni aibu kusema kwamba nililia.

Siku ya nne akabisha hodi Mama Vero, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Mwalimu, shikamoo. Mgeni wako ameondoka?"

"Marahaba. Mgeni gani?"

"Si yule baba anayeongea humu kila siku. Naona kumekuwa kimya, nikasema ngoja nikamwangalie mwalimu kama mzima."

Nikamweleza mgeni mwenyewe ni nani. Akanishika mkono, tukaenda kwa fundi. Fundi alipoona fimbo yangu akaniamkia mara mbili, halafu akaanza kazi. Akaweka driver, akashusha screen reader, sauti ikarudi.

Ila settings zangu hazikurudi. Miaka sita nimeifundisha kutamka majina ya watu na vijiji vyetu, yote yamefutika. Programu haihami kwa ku-copy folder jamani, unai-install upya, na settings zake unazi-export kwenye flash kabla ya kufuta kitu chochote. Mimi sikufanya hivyo, fundi naye hakujua.

Njiani kurudi Mama Vero akasema taratibu, "Miaka yote hii tunapita mlangoni kwako tunaambiana mwalimu ana mtu, tusimsumbue."

Hilo liliniuma kuliko Windows.

Siku hizi navaa earphone, ili mtaani wasikie kimya. Juzi Mama Vero aliniletea magimbi, akakaa kidogo. Jana hakuja mtu.

Nilichojifunza: mwambie fundi unaitumiaje mashine yako, hata kama unaona aibu. Na majirani pia waambie.

Mwenye kujua namna ya kuiokoa ile orodha ya matamshi kwenye disk iliyokwisha kuwa formatted anielekeze. Asiye na ushauri aandike chochote tu, nipo nasikiliza.