Mlinzi aliyemtafuta mama wa mtoto

Leo sokoni Kimironko mlinzi amemuuliza mwanamke anayenyonyesha, "Mama ya huyu mtoto iko wapi?"

Ngojeni niwaeleze.

Rafiki yangu Aline amechoka kuitwa yaya wa mwanawe, kisa mtoto amechukua rangi ya baba yake mzungu. Kwa hiyo ameandaa onyesho la sanaa: anakaa mlangoni pa soko, ananyonyesha, haongei. Mimi napiga picha.

Mlinzi akanizuia. "Bila ruhusa ya mama yake, hapana." Halafu akamnyooshea Aline simu yake mwenyewe, kwa upole kabisa. "Dada, pigia bosi wako."

Nilitaka kumjibu. Aline akanikazia macho, nikaelewa: endelea.

Nikapiga picha. Simu, titi, mtoto, vyote vimo.

Jumamosi tunarudi palepale. Aline atakaa chini ya picha hiyo, iliyochapishwa kubwa kama mlango.

Nyinyi mngenyamaza?