Msomaji Niliyemfuata Kamukuywa

Kwangu mimi kusoma kuna harufu ya dawa ya mahindi. Kila mwisho wa mwaka, baada ya mavuno, nyumba yetu pembezoni mwa Kitale iligeuka ghala. Baba alichanganya mahindi na ule unga wa kuua wadudu, akapanga magunia sebuleni mpaka karibu na mabati, nasi tukala, tukalala na kupiga chafya humo humo tukisubiri bei ipande. Nilijitengea pango dogo kati ya magunia na dirisha, mahali ambapo mtu mzima asingeweza kupenya, na humo ndimo nilimosoma kitabu cha Mwandishi mpaka kurasa zikaanza kunuka dawa. Sitamtaja kwa jina, kwa kuwa watoto wake wako hai na hawajanikosea kitu. Nyumbani tulimwita Mwandishi tu, kana kwamba duniani hakukuwa na mwingine. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mbukusu kama sisi, anakaa Kamukuywa, na katika maisha yake yote alikuwa ametoa kitabu kimoja chembamba cha hadithi. Mimi sikuhitaji cha pili.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba insha nzuri ni ile iliyojaa maneno ya kukariri: jua lichomoze kwa mbwembwe, ndege waimbe, moyo udunde kama ngoma. Mwandishi hakufanya hivyo hata mara moja. Katika kitabu chake watu walishuka Kiminini kununua chumvi, mvua ikaozesha mahindi ya mtu yakiwa bado shambani, mwanamke akamnunia mumewe kwa sababu ya sufuria. Nilishangaa kwamba jambo kama hilo linaruhusiwa. Hadithi ya mwisho ilihusu mtoto aliyefiwa na mama yake, na baada ya mazishi, badala ya kulia, akachukua gambuti za marehemu, viatu vyake vya mpira vya shambani, akaziosha tope na kuzianika ukutani. Niliisoma nikalia mpaka kamasi likadondokea gunia. Halafu nikapata wazo ambalo liliniponza: kwamba nikiandika na mimi, mtu huyu ndiye atakayenisoma wa kwanza. Mwalimu wa darasa angetafuta makosa, na baba angeuliza hiyo itanisaidia nini. Mwandishi angeelewa.

Yangu ilikuwa hadithi ya mwanamke anayesombwa na mto. Ni lazima nieleze kwa nini nilimuua. Mama yangu mwenyewe hakuwa amekufa. Aligombana na baba nilipokuwa darasa la tano, akafunga nguo zake kwa leso, akaenda kwa dada yake Endebess na kubaki huko akikamua ng'ombe wa watu. Tangu siku hiyo jina lake lilikoma kutajwa nyumbani kwetu. Mtoto aliyefiwa hupewa chai, hushikwa mkono, huachwa alie. Mimi nikionekana na machozi niliambiwa vyombo havijioshi. Niliwaonea wivu waliofiwa, nasema hivyo bila aibu, maana nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwa na njia nyingine ya kumlilia mtu aliyeondoka kwa miguu yake. Kwa hiyo likizo ile ya Desemba nikakaa kwenye pango langu, nikampa mwanamke wa hadithi kitambaa cha kichwa cha kijani, nikamvusha mto akienda sokoni, na maji yakampeleka. Msichana wake anaambiwa habari hiyo akiwa anachambua maharagwe, na anaendelea kuchambua. Hapo nilipaandika na kupaandika tena. Kama kuna kitu nilichotaka Mwandishi aniambie, ni kama hapo pamekaa sawa.

Baba, kwa mshangao wangu, alikubali kunipeleka. Hakuwa ameisoma, lakini alipenda sifa, na mtoto anayejuana na Mwandishi ni sifa. Ila kwetu huwezi kumwendea mtu mkubwa mikono mitupu, kwa hiyo alikamata jogoo, akamfunga miguu na kumbana kwapani. Nikimkumbuka jogoo yule, ndipo ninapoona mambo yalipoharibikia. Mwalimu mkuu, hata akistaafu, haachi kuwa mwalimu mkuu. Mwandishi alikuwa kwenye bodi ya shule moja ya upili ya wasichana huko Bungoma, na kila mwisho wa mwaka wazazi walijipanga kwake kuomba nafasi, huyu na kuku, huyu na ndizi, wote wakiwa wameshika mtoto mkono. Baba na mimi tukatokea langoni siku hizo hizo tukiwa na kuku, mtoto na daftari. Yule mzee angewezaje kutusoma vingine?

Alitupokea vizuri, lazima niseme. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomwazia, amevaa sweta licha ya jua, na mke wake alituletea chai yenye maziwa mengi. Baba akajieleza: "Mwalimu, hii ni mtoto yangu, anaitwa Nasimiyu. Anapenda kitabu yako sana, ati na yeye ameandika." Mwandishi akatikisa kichwa na kusema, "Naelewa kilichowaleta." Akavaa miwani, akaifungua hadithi yangu, akasoma. Hakurukaruka. Alisoma kila mstari, mdomo ukicheza kidogo, jogoo akilalamika mlangoni, na mimi nikiutazama uso wake nikijaribu kukisia amefika wapi. Alipofika mwisho alivua miwani na kujifuta macho. Mpaka leo sijawahi kupata furaha kubwa kama ile ya muda mfupi kati ya miwani kuvuliwa na mdomo wake kufunguka.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Mama alifariki lini?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Ni hadithi, Mwalimu. Nimetunga." Akanitazama kwa huruma, akaniwekea mkono begani. "Usiogope. Hakuna mtoto wa umri wako anayeweza kutunga kitu kama hiki. Hiki kimekupata." Akamgeukia baba, akamweleza kwamba shule yao ina wafadhili, watu wa kanisa, wanaosomesha mayatima kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, ada, sare na kila kitu, na kwamba yeye akisema neno moja linatosha. Nilimtazama baba. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa kazi ya sentensi moja tu: mama yake yuko Endebess, mzima. Baba alikitazama kikombe chake, akakizungusha, kisha akasema, "Ni Mungu tu, Mwalimu." Hakusema uongo, mjanja yule. Alimsingizia Mungu.

Kumbe mtu unaweza kusomwa mpaka nukta ya mwisho, kwa machozi, na usisomwe kabisa. Aliyenifundisha kwamba inaruhusiwa kubuni ndiye aliyekataa kwamba nimebuni. Kuhusu maharagwe hakusema lolote. Kuhusu kitambaa cha kijani hakusema lolote. Daftari lenyewe alibaki nalo ili awaonyeshe wenzake wa bodi, na sikuwa na nakala. Tulipokuwa tukirudi barabarani nililia, na baba akanikaripia bila hasira nyingi, kama mtu ambaye tayari anahesabu anachookoa. "Unalia nini sasa? Kwani ni mimi nimesema amekufa? Si ni wewe uliandika?"

Nafasi nikapata mwaka uliofuata. Nilifundishwa vizuri na nikala vizuri, na kila muhula niliandika shukrani kwa wafadhili nikisema jinsi ninavyomkumbuka marehemu mama. Mwandishi alikuwa akija shuleni siku za bodi, akiniita mbele ya walimu, "Huyu ni wangu," nami nilitakiwa nicheke. Nilimchukia kwa namna ngumu sana, kwa sababu hakuwa na ubaya. Angekuwa mwizi au mlevi ningepumzika. Alikuwa mtu mwema aliyenifanyia wema uliosimama juu ya shingo ya mama yangu, na kila mtu wa ukoo wetu alinitaka nishukuru. Hadithi nyingine sikuandika miaka hiyo yote minne. Ningewezaje? Ya kwanza tu ilikuwa imeua.

Mama alikuja kunitembelea mara moja, nikiwa kidato cha pili, amebeba chapati na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilimwona kutoka mbali langoni, nikakimbia kumwahi kabla hajamwambia mlinzi yeye ni nani. Nikamwambia mlinzi ni shangazi yangu. Mama akanitazama, kisha tukaenda kukaa kwenye nyasi nyuma ya maabara, na hapo nikamweleza kila kitu huku nikila chapati zake. Nilitegemea alie, au anizabe kofi. Alinyoosha rinda lake juu ya magoti. Kisha akauliza, "Nilikufa aje?" Nikasema mtoni. "Mto gani?" Nikasema mto tu, wa kubuni. "Nilikuwa naenda wapi?" Sokoni. "Nimevaa nini?" Kitambaa cha kijani. "Sina kitambaa ya kijani mimi," akasema, kisha akafikiri. "Lakini ingenikaa. Na wewe ulipoambiwa ulifanya nini?" Nikamwambia habari ya maharagwe. Akaguna, akatazama upande mwingine. "Hapo ni kweli," alisema. "Hapo ungefanya hivyo hivyo." Huyo alikuwa mtu wa kwanza kuisoma hadithi yangu, na hakuwa amepata kuiona. Msichana mmoja akapita, akatuchungulia na kusema, "Na mnafanana na auntie yako, bana!" Mama akacheka kwa adabu.

Siku hizi ninaandika, na vitabu vyangu vina majina makubwa kuliko wasomaji wake. Vijana hunijia baada ya mikutano ya waandishi na kuniuliza wampe nani mswada wao wa kwanza, na karibu wote tayari wamemchagua mwandishi wanayempenda kupita wote. Huwaambia wasimpe. Mtu unayempenda vile ana hadithi yake kichwani, na ataitafuta yake ndani ya yako mpaka aipate. Wananitazama kama mtu mwenye kinyongo, na hawajakosea. Shule zimeongezeka, vitabu viko hata kwenye simu, lakini bado huku kwetu mtoto mwenye daftari akipiga hodi kwa mtu mkubwa, kinachoulizwa ni shida yake.

Mwandishi alifariki juzi juzi, tukamzika Kamukuywa, umati usiohesabika. Mama alikuja kutoka Endebess. Nilimsihi asije, akanishangaa. "Mtu amenisomeshea mtoto, nisimzike?" Alikaa na wanawake wengine kwenye hema la upande, ameshika mkoba mapajani. Baada ya hotuba za wakubwa, mshereheshaji akachukua kipaza sauti na kuwaita wote ambao marehemu aliwasomesha. "Mayatima wa Mwalimu, simameni tuwaone!" Tukasimama, watu wazima sasa, wenye vitambi na miwani. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema kwamba si vizuri kuwasahau waliotuzaa, waliotangulia mbele ya haki bila kuona watoto wao walipofika, basi umati wote usimame kidogo tuwaombee walale pema. Viti vikalia. Niligeuka kuelekea hema la upande. Mama yangu alikuwa amesimama pamoja na wenzake, mkoba chini, kichwa ameinamisha, macho amefumba, na mshereheshaji aliposema amina, naye akasema amina.