Mjane, Sukari na Fundi wa Feni

Dada yangu ni msusi, na saluni yake ina sheria moja iliyokwisha kuwakimbiza wateja wavivu: anayekaa kitini husoma hadithi kwa sauti. Mikono ya dada iko kwenye nywele, macho yake yako kwenye nywele, masikio ndiyo hayana kazi. Mimi naosha vichwa, nafagia, na kitabu kikianguka naokota.

Tabu ni kwamba kila mteja hukutana na sura moja tu ya kitabu, kisha huyo anaondoka na hukumu yake. Juzijuzi tulikuwa na hadithi ya mjane anayefungia sukari kabatini wageni wakija. Nesi aliyesoma hapo akasema, "Huyu mchoyo tu." Baadaye mwalimu wa chekechea akasoma mjane yuleyule anavyowapikia wagonjwa wa jirani uji kwa sukari ileile, akasema, "Mchoyo wapi? Mwekevu huyu." Siku walipokutana, nusura wavutane nywele alizohangaika nazo dada.

"Mchoyo anacho na hataki kutoa," dada akawaamua. "Mwekevu anatunza ili siku ya shida awe na cha kutoa. Msimhukumu mtu kwa sura moja. Rudini nyuma msome." Hakuna aliyewahi kurudi nyuma, na jambo hilo linamkera dada kuliko chawa.

Lakini nyani haoni kundule. Jirani yetu, fundi wa feni na pasi, alimtuma shangazi yake kuleta posa, na dada alikuwa tayari kukataa. Kisa? Siku umeme ulipokatika upande wetu, dada alikwenda kumwomba waya tuvute umeme kwake. Fundi akasema, "Huu siwezi kukupa." Dada akarudi amenuna, akasema, "Mchoyo," na habari ya fundi ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nimeshampenda shemeji yangu mtarajiwa, na nilikasirika kwelikweli. Shangazi angekuja Jumapili kuchukua jibu.

Ijumaa kikaushio cha nywele kikafa. Nikamwita fundi kabla dada hajanikataza. Soketi iko nyuma ya kiti, kwa hiyo alipomaliza kukitengeneza akakaa kitini kukijaribu.

"Hapo hapakaliwi bure," nikamwambia, nikamwekea kitabu mapajani. Dada akanikazia macho.

Akasoma taratibu, kidole chini ya mstari, mahali mjane anapomfukuza mkwewe mlangoni. Nesi, aliyekuwa akisubiri zamu kwenye benchi, akamuuliza, "Haya fundi, mjane ni mtu wa namna gani?"

Fundi akajikuna kichwa. "Sijui. Nimemkuta katikati. Naweza kuazima kitabu nikaanze mwanzo?"

Chanuo alilokuwa akilisafisha dada likasimama hewani.

"Na ule waya," akauliza, sauti imepungua makali, "ulininyima kwa nini?"

"Ulikuwa umechubuka, unapiga shoti. Ningekupa ukuue?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasema. Wewe ulikuwa umeshafika kwako."

Nilifurahi mpaka nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Kitabu hakijawahi kutoka saluni, lakini siku hiyo kilitoka kikiwa ndani ya mfuko wa fundi, pamoja na bisibisi na koleo.

Jumapili shangazi akaja, amejipamba, amejiandaa kubembeleza. Dada hakumpa nafasi.

"Shangazi, mwambie nimekubali. Lakini posa ni posa na kitabu ni kitabu. Akirudishe, wateja wanasubiri."