Kwenda Namtumbo Kufuta Nilichoandika

Niliondoka Songea kwa sababu ya viti sita. Mwaka jana nilikuwa mdadisi wa mradi mmoja wa kupunguza umaskini, nikizunguka vijiji vya Namtumbo na kishikwambi mkononi, nikiuliza kila kaya ina nini na haina nini. Zile zilizoonekana duni zaidi, na zilizoumizwa zaidi na mvua hizi zisizotabirika, ziliingizwa kwenye orodha ya kupewa chakula cha miezi ya njaa na mbegu zinazovumilia ukame. Kwa Mama Otmari, mjane anayelea wajukuu wawili, nilikuta viti, kitambaa mezani na kuku wa mchuzi. Niliandika nilichokiona. Nikala, nikashukuru, nikaondoka, na jina lake likabaki nje ya orodha.

Mwezi uliopita nilikutana sokoni na katekista wa kijiji kile. Akanitania, "Dada, siku ile ulitutesa shingo. Viti vya kigango, vya pale kanisani kwetu, tulivibeba kichwani mpaka kwa Mama Otmari, mgeni asije akakaa kwenye gogo."

"Na yule kuku?"

"Si ndiye huyo huyo mmoja aliyekuwa naye!"

Yeye alikuwa bado anacheka. Mimi kicheko kilinikatikia njiani. Nimezaliwa Lizaboni, hapa hapa Songea, nimemwona mama yangu mzazi akiazima sahani kwa jirani kila alipokuja mgeni wa maana. Sina hata kisingizio cha ugeni. Nilikwenda ofisini nikaomba fomu ya rufaa, nikaambiwa irudi Jumatatu ijayo, la sivyo orodha inafungwa kwa msimu mzima.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi. Wakati gari likijaza abiria nililiwaza shamba langu dogo la Mshangano, ambako msimu uliopita mahindi yalinikaukia yakiwa kiunoni. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaenda dukani kununua unga. Kwangu mimi ukame uliishia hapo.

Njia ya Namtumbo ilikuwa kavu pande zote mbili. Hapa na pale yalionekana mabani ya kukaushia tumbaku, na kuni zilizopangwa kandoni, nyingi kuliko miti iliyobaki nyuma yake. Aliyekaa nami alikuwa mzee wa Tunduru, mkulima wa korosho. Nilimwamkia, akaitikia, tukaingia kwenye mazungumzo ya mvua, maana siku hizi hakuna mazungumzo mengine.

"Zamani mikorosho ikitoa maua, mbingu inatulia," alisema. "Sasa mvua inashuka juu ya maua yenyewe, yanageuka meusi. Alhamdulillahi, tupo."

Saa tatu nilishuka Namtumbo nikachukua bodaboda. Tulikwenda karibu saa nzima kwenye vumbi. Kuna kijito ambacho mwaka jana nilivua viatu kukivuka. Safari hii pikipiki ilipita juu ya mchanga bila hata kupunguza mwendo.

Sikuwa nimetuma taarifa. Nilijua nikituma tu, katekista na wenzake watabeba viti tena, nami nilitaka kuiona nyumba ilivyo. Mama Otmari nilimkuta uani anamenya muhogo. Alipogeuka akaniona, mkono wake ulikwenda kwenye kanga, akaifunga upya, kisha akatazama upande wa kigango na kurudisha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ungetuma salamu. Mtu haingii hivi kama mgambo!"

Alisema kwa utani lakini uso haukuwa wa utani. Nilimwonea huruma na kujionea haya kwa pamoja. Nilikuwa nimekuja kumheshimu, na jambo la kwanza nililofanya ni kumvunjia heshima. Nilikaa kwenye gogo. Aliniletea maji kwenye kikombe cha bati, akaomba radhi kwamba hata togwa hakuna.

Nilimweleza kilichonileta. Akasikiliza, akaendelea kumenya. Kisha akanisimulia msimu wake: mvua ya kwanza iliwadanganya, wakapanda, ikakata wiki tatu. Wakapanda tena mbegu ambayo ilikuwa iwe chakula. Mwezi wa tatu ikaja yote kwa mkupuo, ikabeba mahindi na udongo wake. Nami, kwa mdomo wangu usiotulia, nikamweleza kama tulivyofundishwa semina, kwamba nchi tajiri za mbali ndizo zilizochafua hewa kwa viwanda na magari mpaka majira yakavurugika.

"Kumbe," alisema. "Na hao nao mmeshakwenda kuwahesabia viti?"

Tulicheka wote, mimi kwa aibu. Nikatoa fomu.

"Mnakula milo mingapi kwa siku?"

"Mmoja."

"Na wajukuu?"

"Wao miwili, siku nikisema mimi nimeshiba."

Aliyajibu yote hivyo, bila kuficha, kama mtu anayevua nguo mbele ya daktari. Tulipofika mahali pa alama ya kidole, akaurudisha mkono. "Hii nafasi yangu inatoka wapi?"

Nilikuwa nimeomba njia nzima asiniulize hilo. "Kila kijiji kina idadi yake, mama. Haiongezeki."

"Kwa hiyo nikiingia mimi?"

"Wa mwisho anatoka."

"Nani?"

"Sijui. Kompyuta ndiyo inayopanga."

Alizitazama nyumba za wenzake, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mwisho bondeni. "Hapa hakuna wa kutoka," alisema. Nikadhani amekataa, na nakiri kwamba moyoni nilipata nafuu kidogo. Ndipo wajukuu wakaingia kutoka shule, wakaniamkia, wakaenda moja kwa moja kufunua sufuria. Ilikuwa tupu. Wakaifunika, wakatoka uani.

Mama Otmari akanyoosha kidole gumba. "Lete wino. Na hilo jina ukilijua, usiniletee. Nataka niendelee kusalimiana na watu wote."

Alasiri alinisindikiza mpaka njia kuu. Kukosa cha kunifungia kulimuuma, niliona. Nilirudi Songea na fomu mkobani, na ule wepesi wa moyo nilioutarajia sikuupata hata nilipofika Lizaboni.

Jumatatu niliipeleka. Wiki mbili baadaye orodha mpya ikatoka na Mama Otmari alikuwamo. Chini yake kulikuwa na jina lililokatwa, mama mwingine wa kijiji kile kile. Nyumba yake naikumbuka, iko bondeni. Niliihoji mimi mwenyewe, na kila nilichokiandika kule kilikuwa kweli.

Niliyojifunza ni machache na hayanifurahishi. Nilikwenda Namtumbo nikidhani kosa ni langu peke yangu, na kwamba kosa la kalamu hufutwa kwa kalamu. Kumbe orodha ilikuwa fupi kabla sijakanyaga kule, na mvua haikungoja orodha. Nimewahi kusimama mbele ya watu nikijigamba kwamba tunapunguza umaskini. Safari hii niliuhamisha tu, kutoka mlango mmoja kwenda mlango wa pili, nikalipwa na shukrani juu yake.

Juzi Mama Otmari alinipigia kwa simu ya katekista. Mbegu amepata, amepanda, mvua imeanza kunyesha. Akaniuliza habari za nyumbani na za kazi. Kisha akasema kuna mwenzake mmoja wa bondeni, wamechota maji pamoja miaka yote, siku hizi anampita njiani bila kumsalimia. Akasubiri nimjibu.

Nikamwuliza kama wajukuu hawajambo.