Pongo wa Shamba la Juu

Pongo wa kwanza aliyekoswa na Ladislaus mwaka huu hata hakukimbia. Aliinua kichwa, akautazama mshale ukipita juu ya mgongo wake na kwenda kujichomeka kwenye udongo huko chini, kisha akarudi kwenye majani ya maharage na kuendelea kutafuna. Ladislaus alibaki amechuchumaa nyuma ya mti wa kahawa, mikono ikimtetemeka, akimchukia yule swala wa msituni kwa moyo wake wote.

Wa pili alikimbia kabla mshale haujatoka. Wa tatu alikoswa mbele ya watu, na huyo ndiye aliyeleta balaa.

Ladislaus ni mtu wa Matiri, mkulima wa kahawa na mahindi kama wenzake, mwembamba, mwenye hasira za karibu. Akikosa, hakosi kitu cha kulaumu. Aliulaumu upepo, akaulaumu uzi wa upinde, akawalaumu mbwa wa kaka yake, na siku moja alimlaumu mkewe Gaudiosa eti kamchelewesha kwa uji wa moto. Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa mkono wake. Na kwa kweli, ukimwona nyumbani ungemwamini. Kwenye uwanja wa kuanikia kahawa alisimika shina la mgomba, akarudi nyuma hadi kwenye zizi la nguruwe, na kila mshale ulizama katikati. Lakini shina la mgomba halina macho, halikimbii, na halina kaka wa kusimulia habari zake jioni.

Porini mambo yalikuwa mengine. Pembe zikichomoza tu kwenye ukungu, vidole viliachia uzi kabla jicho halijachagua mahali. Tena uwanja wa nyumbani ni tambarare, na huko Matiri shamba tambarare utalitafuta hadi uchoke. Mashamba yao yako kwenye miteremko mikali, yamechimbwa ngoro, yale mashimo mapana yaliyopangwa safu kwa safu kuzuia maji yasibebe udongo. Mtu akikaa juu na kumlenga mnyama aliye chini, asiposhusha lengo mshale hupita juu ya mgongo. Ladislaus alilijua hilo tangu utotoni. Tatizo ni kwamba woga ukiingia, alichokijua kilitoka.

Upinde wenyewe ulikuwa wa marehemu baba yake, Mzee Pankras. Mzee alipoona siku zake zimekaribia, aligawa vitu mbele ya ukoo. Urbani, mkubwa, alipewa nyumba na kahawa ya upande mzuri, na hakuna aliyeshangaa. Kisha mzee akaomba aletewe upinde, akauweka magotini kwa Ladislaus na kusema huyu ndiye atakayelinda chakula cha watu. Kuanzia siku hiyo maharage ya ntambo nzima, yaani mgongo wote wa mlima ambao ukoo wao unalima kati ya kijito na kijito, yalikuwa chini ya ulinzi wake. Kijiji kilikuwa na ruhusa ya kupambana na wanyama wanaoingia mashambani, ilimradi bila bunduki. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee ambacho Ladislaus alipewa mbele za watu, na alikuwa tayari kugombana na yeyote kwa ajili yake.

Sasa, jioni ya pongo yule wa tatu, wanaume wa ukoo walikutana kwenye sengu, uani kwa Urbani, wakala pamoja kama wanavyokula siku zote na kuchambua mambo ya kila mmoja. Urbani ni mtu wa mwili mkubwa na sauti ambayo yeye mwenyewe huipenda. Alinawa taratibu, akamega tonge, akauliza kama siku hizi mishale inapandwa, maana ameiona mingi imesimama shambani na angependa kujua itavunwa lini. Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa. Ladislaus alikaza macho kwenye bakuli la mboga na kumwombea kaka yake mfupa ukwame kooni.

Kisha Urbani akaacha kucheka. "Pongo akiingia tena na wewe umekaa pale na usimlete hapa," alisema, "upinde wa baba utakwenda kwa Steven."

Steven ni shemeji yao, mume wa dada yao Marselina, mtu wa Lipingo kule ziwani, aliyepanda mlimani kuja kuishi ukweni. Kwa Ladislaus hilo peke yake lilitosha kumdharau. Upinde wa Mzee Pankras ushikwe na mtu aliyekua akikwangua magamba ya samaki! Lililomuudhi zaidi ni kwamba Steven hakucheka na wengine. Alimfuata njiani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alipokuwa akifukuza nyani kwenye mihogo ya kwao alitetemeka hivyohivyo. Akasema yeye hutoa pumzi kwanza, huchagua sehemu moja ndogo mwilini mwa mnyama na kusahau mnyama mwingine wote, na moyo ukikataa kutulia huushusha upinde na kumwacha ale.

"Shemeji," Ladislaus alimjibu, "ukiutaka upinde, uombe. Usinifundishe."

Steven alimtakia usiku mwema na kwenda zake.

Siku chache baadaye, alasiri, Ladislaus alipanda hadi shamba la juu ambako Gaudiosa alikuwa na maharage yake. Kando yake kuna shamba lililopumzishwa, ngoro za zamani zilizofunikwa na magugu hadi kiunoni. Alikaa. Ukungu ulishuka, ukapanda, na ulipopanda alikuwepo dume mmoja wa pongo, mweusi mgongoni, shingo nene, pembe zimejisokota. Kutetemeka kukaanza palepale. Akakumbuka kutoa pumzi, na kwa kweli alianza kuitoa, na mikono ikaanza kutulia. Kisha akakumbuka ni nani aliyemfundisha. Hasira ikampanda hadi masikioni, na vidole vikaachia.

Mshale ulimpata. Ulimwingia nyuma ya mbavu, chini, tumboni. Dume alijikunja mgongo, akaruka mara moja na kuzama kwenye magugu ya lile shamba la zamani.

Ladislaus alishuka hadi pale, akainama. Damu ilikuwa nyeusi na ndani yake mlikuwa na majani yaliyotafunwa. Mtu yeyote aliyelelewa mlimani anajua maana yake. Mnyama wa namna hiyo hafi upesi, haendi mbali, na ni mkali. Anajilaza ndani ya shimo la ngoro lililofunikwa, na hutamwona mpaka umkanyage. Ndiyo maana kwao aliyejeruhi hupiga ukelele, watu wakaja na mbwa na mikuki, wakafuata damu pamoja hadi wampate. Hilo halina mjadala, awe mjeruhi ni mtoto au mzee.

Hakupiga ukelele. Alisimama pale na kumwona Urbani kichwani mwake, akifika wa kwanza, akiinama juu ya ile damu na kuuliza kama siku hizi moyo wa pongo uko tumboni. Alichuma majani akafuta damu kwenye mawe. Mvua ilianza kunyesha ikamsaidia. Alijiambia atarudi alfajiri peke yake, atamkuta amekufa, na hakuna atakayejua mshale uliingilia wapi.

Nyumbani Gaudiosa alimuuliza kulikuwaje.

"Hakuna kitu kule juu," alisema. "Hata nyayo."

Alfajiri hakwenda. Kabla hajafunga viatu, Urbani alikuwa mlangoni anagawa kazi: mbao za paa la kanisa la kigango zimeshushwa barabarani, kila mwenye mabega abebe. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo haikusemeka. Basi akabeba mbao huku macho yakiwa mlimani. Kila ubao ulikuwa mzito kuliko uliotangulia, na alimlaani kaka yake kwa kila hatua, kana kwamba ni Urbani aliyefuta ile damu.

Marselina alipita na ndoo kichwani. Alisimama kuwasalimu, akamwambia Ladislaus kwamba mkewe amekwenda kupalilia maharage ya juu, na kwa kuwa amesikia kumetulia, atafyeka na lile shamba la zamani.

Ladislaus aliutupa ubao. Alikimbia nyumbani, akachukua upinde, akapanda mlima.

Alimsikia Gaudiosa kabla ya kumwona. Haikuwa sauti ya kuomba msaada. Ilikuwa sauti ya mtu anayesukuma kitu kizito na nguvu zinamwishia. Alipofika ukingoni aliwaona chini yake. Gaudiosa alikuwa chali ndani ya shimo la ngoro, amezishika pembe kwa mikono miwili, na lile dume liko juu yake linasukuma kichwa. Sketi yake ilikuwa imelowa damu pajani.

Ladislaus aliweka mshale kwenye uzi. Alingoja mikono itetemeke, maana ndivyo alivyozoea, na haikutetemeka. Hapakuwa na wa kumcheka. Palikuwa na sehemu moja tu, nyuma ya bega, ndogo, na chini yake palikuwa na mkewe. Alishusha lengo, akatoa pumzi, akaachia. Dume lilipiga magoti, likaanguka upande, likatulia.

Alimtoa Gaudiosa shimoni kwa kumshika makwapa, akachana kanga na kuanza kumfunga paja. Pembe ilikuwa imepasua nyama lakini damu haikuwa ya kuruka. Gaudiosa alikuwa akihema, akimtazama usoni muda wote.

"Ana mshale mwingine ubavuni," alisema. "Umevunjika. Wakati ananisukuma kile kipande kilikuwa kinanikwaruza goti."

Ladislaus aliendelea kufunga.

"Baba Herieth. Uliniambia hata nyayo hakuna."

"Nilidhani atakuwa amekufa."

Gaudiosa aliuondoa mkono wa mumewe na kulifunga fundo lililobaki mwenyewe.

Hapo ndipo watu walipofika, maana mtu akitupa ubao na kukimbilia mlimani na upinde, nani atabaki chini? Urbani alikuwa mbele, akihema kwa kishindo. Alimwona Gaudiosa ameketi na kanga yenye damu, akaliona dume, akauona mshale umezama nyuma ya bega hadi karibu na manyoya. Alipima kwa macho toka ukingoni hadi shimoni, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanamke yuko chini, mnyama juu yake, na unapiga pale," alisema. Akawageukia wengine. "Mmeona? Baba mwenyewe asingethubutu. Nimemsema vibaya ndugu yangu, na leo mbele yenu ninajirudi."

Wanaume walikubali kwa sauti. Mmoja alimshika Ladislaus begani, mwingine akamshika mkono. Urbani akasema jioni hiyo kwenye sengu maini yatakuwa ya Ladislaus, na asiwepo mtu wa kutaja tena habari za kumpa mtu mwingine upinde. Alisema yote hayo kwa ile sauti yake kubwa, na kila neno lilikuwa ndilo ambalo Ladislaus alikuwa amelingoja tangu baba yao afe.

Dume lilikuwa limelalia ubavu wenye jeraha. Kwa juu palionekana mshale mmoja tu.

Alimtazama mkewe. Mkewe angesema, yangekwisha, na Ladislaus angepata wa kumkasirikia. Lakini Gaudiosa hakufungua mdomo. Alikuwa amekaa kwenye tuta, mkono juu ya paja, anamtazama tu aone ni mtu gani aliyemwoa. Ladislaus alimchukia kwa kunyamaza kule, na chuki hiyo nayo haikupata mahali pa kukaa, ikamrudia mwenyewe.

"Kaka," alisema, "mgeuzeni upande wa pili."

Urbani hakuelewa. Steven ndiye aliyeshuka shimoni, akashika miguu na kumgeuza mnyama. Nzi waliinuka. Kipande cha mshale kilionekana nyuma ya mbavu, damu imegandia, na harufu ya tumbo ikawafikia wote.

"Wa jana," Ladislaus alisema. "Sikupiga ukelele. Nilifuta damu."

Urbani alilitazama lile jeraha, kisha akalitazama paja la Gaudiosa, na alipoinua uso sauti yake kubwa haikuwepo.

"Ulipokuwa unakosa nilikuwa nakucheka, Ladislaus," alisema. "Kumbe afadhali ungeendelea kukosa."

Aliunyoosha mkono, na Ladislaus akampa upinde. Urbani akampa Steven, lakini Steven alitikisa kichwa, akauegemeza kwenye kichaka na kuinama mbele ya Gaudiosa ili ampande mgongoni. Walitelemka naye kuelekea zahanati, wanaume wakipokezana kumbeba. Ladislaus aliposogea kuchukua zamu yake, Gaudiosa alisema hapana.