Mbili Nilizomwandikia Bibi

Mimi si mtu wa kuuliza. Skuli nikiwa sijaelewa hesabu, naandika kama anavyoandika mwenzangu wa pembeni, kuliko kunyanyua mkono darasa zima likanigeukia. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo lililoniponza, ingawa aliyeumia si mimi.

Bibi yangu ana saratani ya kinywa. Ilianza kama kidonda upande wa ndani wa shavu, pale pale alipozoea kuweka tambuu yake ya kutafuna tangu hajaolewa. Alipelekwa Dar es Salaam akachomwa mionzi, akarudi kwetu Wambaa kakonda, na madaktari wakamwambia mama kwamba ugonjwa hautaondoka, kilichobaki ni kumtunza asiteseke. Shavu la kushoto limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Kidonda kinatoa maji, na maji yale yana harufu. Bibi hujifunika kwa ncha ya mtandio, anakaa uani anasuka ukili wake, mkanda wa majani ya miyaa wa kushonea mikeka, kama zamani.

Nesi anayemhudumia anatoka hospitali ya Mkoani kwa pikipiki. Ana wagonjwa kila upande wa kisiwa, hawezi kuja kila wiki, kwa hiyo alituachia karatasi. Kila Ijumaa mgonjwa aulizwe: maumivu, kumeza, ukavu wa kinywa, usingizi, wasiwasi, na mengine, na kila moja alipe namba, sifuri mpaka kumi. Sifuri hakuna kabisa, kumi imepita kiasi. Picha ya karatasi itumwe kwa simu ya mama, na yeye akiziona namba ndio ataamua kama dawa ya maji ya kutuliza maumivu iongezwe, na nani aanze kwenda kumtazama.

Mama alisema kazi hiyo niifanye mimi, maana yeye mchana yuko kwenye mwani, na mimi ndiye wa kidato cha tatu. Nesi akanikabidhi karatasi mbele ya Bibi. Akaniambia, "Usimsaidie kujibu. Namba ni zake, kalamu ndo yako."

Siku hiyo nesi mwenyewe ndiye aliyeuliza. Bibi alicheka, akauliza maumivu nayo yana namba, kwani yako darasa la ngapi. Mwisho akasema tano, nesi akampangia dawa, tukawa tumeanza.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa peke yangu naye. Nilisimama, sikukaa. Nikauliza, "Bibi, maumivu hayajambo?"

"Hayajambo, alhamdulillahi."

Nikaandika mbili.

Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba jibu lile ni mlango tu. Mtu anawaka homa, atakwambia sijambo, atamshukuru Mungu, atanyamaza kidogo, ndipo aseme "ila," na habari yenyewe ianzie hapo. Jirani akija kumtazama mgonjwa anakaa kitako akaisubiri hiyo "ila." Mimi nayajua hayo tangu mdogo. Lakini niliandika mbili, nikaenda kwenye swali la pili, na la tatu, haraka haraka, nikaondoka. Kwa nini mbili na si sifuri? Kwa sababu sifuri ingeonekana uongo.

Wiki ya pili nilibadilisha kidogo. Usingizi nikaupa tatu, ukavu wa kinywa nikaupa moja, ili isionekane kama nimenakili karatasi ya kwanza. Nakumbuka niliona nimefanya jambo la akili. Wiki ya tatu niliijaza karatasi skuli wakati wa mapumziko, nyumbani sijafika. Niliporudi nikamsalimia Bibi, akasema hajambo, nikajiambia basi si uongo, nimemuuliza.

Nesi alijibu kwenye simu: mashaallah, dawa imemkaa vizuri, tuendelee na kipimo kile kile, na wiki hii atakwenda kwa wenye hali mbaya zaidi huko Makangale, kwetu atakuja nyengine. Nilimsomea mama. Mama aliitikia alhamdulillahi, kisha akauliza mbona uji haushuki, bakuli linarudi nusu. Nikamrudishia simu. Akajijibu mwenyewe kwamba hospitali wanajua, si wanapelekewa karatasi.

Wiki hiyo hiyo mama alinituma kupeleka ukili kwa jirani yetu anayeshona mikeka. Bibi alikuwa anausuka kwa ajili ya msala wangu wa kusalia, aliniahidi nikifaulu mtihani wa kidato cha pili, na nilifaulu. Ulikuwa umeviringwa kama gurudumu. Jirani aliufungua sakafuni ili aupime kwa mikono, pima moja, pima mbili, huku akinipa habari za harusi ya Fundo. Mwanzo ukili ulikuwa umenyooka kama rula. Kisha akaacha kuzungumza.

Akauliza, "Huu mkono wa nani?"

Nikamwambia wa Bibi.

"Wote?"

"Wote."

Akapitisha dole gumba pembeni mwa ukili, taratibu, kama anayetafuta mwiba. Pembeni hapo palikuwa panaingia na kutoka. Kuna pahala miyaa imebanwa mpaka imekunjamana, na mbele kidogo imelegea, kidole kinapita.

"Bibi yako ndo aliyenifundisha mie kusuka," akasema. "Alikuwa akinifumulia pima nzima kwa sababu ya mwaa mmoja tu. Hapa alikuwa anaumwa, mwanangu. Na hapa. Hapa kaachia kabisa, kaja kuanza upya." Akanitazama. "Kwani hamumpi dawa?"

Nikasema tunampa.

Nilijua ubaya unaanzia wapi, sikuhitaji kuambiwa. Miyaa ya rangi ya zambarau ilianza siku niliyojaza karatasi ya kwanza peke yangu, maana mimi ndiye niliyemchemshia rangi asubuhi ile. Kabla ya zambarau, ukili mzuri. Baada yake, Ijumaa zangu tatu, na zote tatu kwa pamoja hazikufika hata pima mbili. Zamani pima mbili hizo Bibi alikuwa akizimaliza kabla ya adhuhuri. Jirani akauliza kama aikate sehemu mbaya. Nikasema nitamuuliza mwenyewe.

Nilirudi kwa njia ndefu. Nilipofika nilimkuta Bibi pale pale uani, nikakaa kwenye mkeka, karibu. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Sijambo, mwanangu. Alhamdulillahi."

Nikasubiri. Alivuta mwaa mmoja, akavuta wa pili. Kuku akapita baina yetu, Bibi akamfukuza kwa mguu. Niliona aibu kukaa kimya namna ile, mikono yangu sijui niiweke wapi, lakini sikuinuka.

"Ila," akasema.

Ila shavu linawaka mpaka ndani ya sikio. Ila uji anaumeza kwa kuhesabu, funda moja na kupumzika. Ila akiinamisha kichwa kusuka anaona kama kinataka kupasuka, ndiyo maana ukili hauendi. Maneno yake hayatoki sawa siku hizi kwa sababu ya uvimbe, alikuwa anayarudia, na mimi nikawa nayaitikia moja moja.

Nikamwambia nilichofanya. Nilimwambia nikitazama mkeka: nimekuandikia mbili, Ijumaa tatu.

"Mbili ndo nini?"

"Ndo kidogo."

Akaweka ukili pajani. Kisha akasema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira, "Mie nilikuona unaandika sijamaliza kusema."

Nikamuuliza kwa nini hakuniita nirudi.

"Nilikuona unavuta pumzi kwa mdomo," akasema. "Nikajua harufu inakukera. Nikaona nikuwahishe uondoke."

Ilikuwa kweli. Nilidhani haonekani mtu anayepumua kwa mdomo. Kila Ijumaa nilikuwa nafungua mdomo kidogo tangu mlangoni, na Bibi, mwenye jicho moja dogo, alikuwa anaona, na akawa anafupisha majibu yake ili mimi nisiteseke. Hilo ndilo linalonirudia hata sasa, zaidi ya namba zenyewe.

Mama aliporudi kutoka kwenye mwani na miguu bado ina chumvi, nilimwomba simu. Mimi huwa sipigi simu, natuma ujumbe. Siku hiyo nilipiga. Nilisikia pikipiki upande wa pili, kisha ikazimwa. Nikamwambia nesi, "Namba zile si za Bibi. Ni zangu."

Akauliza kama niko na mgonjwa hapo. Akasema tuanze upya sasa hivi, yeye anasikiliza, niulize na nisubiri. Swali la maumivu likatushinda tena. Bibi hakutaka habari ya namba, akasema mambo haya ya skuli yeye hayajui. Nikamwambia, "Bibi, sifuri ni siku unayomaliza pima mbili kabla ya adhuhuri. Kumi ni siku mkono hausuki kabisa."

Akatazama mikono yake. Hakufikiri sana.

"Basi nane," akasema. "Na jana tisa."

Nesi aliongeza dawa siku ile ile, akamweleza mama kiasi cha kumpa na saa za kumpa. Mama aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu. Hakunigombeza. Alimpa Bibi dawa, akaenda kuosha vyombo, na alipokuwa amenipa mgongo akasema kwamba yeye kila siku alikuwa akimwambia mama yake avumilie, kwa sababu alijua hospitali wameshajua. Kwa hiyo kumbe niliwaandikia mbili watu wawili.

Kesho yake nesi alikuja mwenyewe. Akasafisha kidonda, akaleta na vidonge vya kusagwa, unga wake unanyunyizwa juu ya kidonda ili harufu ipungue. Nilipomsindikiza kwenye pikipiki nikamwomba azichane karatasi zangu tatu. Akasema karatasi za mgonjwa hazichanwi. Akazitoa kwenye faili alimokuwa amezitia siku hiyo, akanipa kalamu, nikaandika pembeni ya kila moja kwamba hakuulizwa. Niliandika herufi ndogo. Akasema niandike kubwa. Nikaandika kubwa.

"Mimi nampa mtu dawa ya alichosema," akaniambia. "Akisemewa mbili, nampa dawa ya mbili." Alivaa kofia yake akaondoka. Huko Makangale alikokwenda badala ya kwetu, sikuthubutu kumuuliza wale wagonjwa wako vipi. Nilitaka kuambiwa kwamba walau wao walifaidika, na nikaona hata kutaka kwenyewe ni kujitafutia nafuu.

Bibi alisema ukili usikatwe, ushonwe wote. Jirani ameushona. Msala umekaa upande vibaya kidogo, ile sehemu ya zambarau inavuta.

Ijumaa iliyofuata nilikaa tena kwenye mkeka na karatasi mpya. Maumivu aliyapa nne, mwenyewe alipima kwa mikono akasema leo amekaribia pima. Kumeza sita. Tukaenda mpaka swali la mwisho, ambalo wiki zote tatu nililipa sifuri bila hata kulisoma kwa sauti: wiki hii umejitenga na watu kwa sababu ya harufu au sura yako?

Nililisoma. Nikalisoma mara ya pili, taratibu.

Bibi aliacha kusuka. "Aliyejitenga nani?" akauliza. "Mie au watu?"

Karatasi haina pahala pa kuandika hilo. Nilifunga mdomo, nikavuta pumzi kwa pua. Harufu ilikuwapo, imepungua lakini ipo. Yeye alikuwa ananitazama kwa jicho lile dogo, na najua aliona.

"Andika sita," akasema.

Nikaandika sita. Kalamu nikaiweka chini, nikabaki nimekaa, nikisubiri.

"Ila sogea huku," akasema. "Hapo unanizibia mwanga."