Migomba ya Getini

Katika shamba alilolima Gloriose pale Kibingo, maharage yaliruhusiwa. Mahindi yaliruhusiwa, viazi vitamu pia, hata karanga kama una ubavu wa kugombana na panya. Mgomba haukuruhusiwa, wala mbuni wa kahawa. Maharage unayang'oa, unabeba, unaondoka nayo. Mgomba unazaa, unatoa watoto, watoto nao wanazaa, na siku moja mwenye ardhi anaamka na kukuta kwamba mwenyeji ni wewe. Kwa hiyo Mzee Rwegasira, kila alipomwazima mtu ardhi yake, alimwambia neno moja tu: vya kung'oa sawa, vya kukaa hapana.

Gloriose aliyajua hayo tangu akibebwa mgongoni. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kulimia watu vibanja, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Wakapalilia migomba ya wengine mpaka migongo ikapinda, wakafa bila kuwa na mgomba hata mmoja wa kuuita wao. Yeye aliapa hatakufa hivyo. Lakini kiapo hakinunui ardhi. Kilichoanza kuinunua ni kiwanda.

Kiwanda cha mvinyo wa ndizi kilikuja kwa mbwembwe. Mwenyewe alipewa kiwanja bure na kusamehewa ushuru kwa miaka mitano, ili mradi aajiri watu wa hapo. Alikuwa Mhaya wa Muleba aitwaye Placidius, mfupi, mtu wa haraka, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Gloriose aliajiriwa kumenya ndizi mbivu, na haukupita muda akafanywa msimamizi wa wamenyaji, maana sauti yake ilifika mahali ambapo kengele haifiki. Mshahara wa kwanza ulipoingia mkononi hakupita dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Rwegasira, wakakubaliana mbele ya majirani: atalipa kidogo kidogo, na akimaliza, shamba lile la maharage ni lake, apande anachotaka.

Basi kila kitu chake kikaning'inia kwenye mshahara ule. Umeme ukikatika kiwandani, wenzake walikaa kivulini wakasukana nywele. Yeye alizunguka jengo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Miaka mitano ikaisha. Placidius akawaambia wakubwa kwamba wakianza kumtoza ushuru atafungua mitambo na kuipeleka kwingine. Diwani akaitisha mkutano asikie wananchi wanasemaje, na wananchi hawakumuonea haya. Wa kwanza alikuwa Joviana, muuza nyanya, mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Mimi nikitandika mafungu yangu sokoni, sijauza hata nyanya moja, mtu wa ushuru ameshanisimamia na mashine yake," alisema. "Huyu ana kiwanda kizima, anatishia kuhama, anabembelezwa. Na mimi nikitishia kuhama na nyanya zangu, nani atanibembeleza?"

Watu walicheka mpaka diwani naye akacheka, kisha akakumbuka kuwa yeye ni diwani. Mwingine akauliza zahanati inayovuja itaezekwa kwa ushuru wa nani, kama wenye navyo wanasamehewa. Hapo hakucheka mtu. Mkutano ulikuwa unaelekea kubaya, na Gloriose aliliona shamba lake likimponyoka kwa maneno ya watu waliokuwa wakisema kweli tupu.

Hakuwa amepanga kusema. Lakini wiki ile ile, alipokuwa akitoka kazini, alikuwa amemwona Placidius mwenyewe getini, mikono ya shati imekunjwa, jembe mkononi, anapanda migomba. Safu mbili, kutoka getini hadi kwenye mzani wa kupimia ndizi. Aliweka samadi, akatandaza na nyasi juu. Gloriose alisimama akatazama mpaka yule bwana akamuuliza kama amesahau kitu.

Pale mkutanoni Gloriose akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Diwani, mimi mnanijua, ni Mama Dusabe. Ardhi ya kuazima nimeilima miaka yote hii, na kila mtu hapa anajua ninachopanda. Bosi wetu angekuwa mtu wa kuondoka, angepanda maharage kama mimi. Lakini amepanda migomba. Nimemwona kwa macho yangu, na samadi ameweka. Sasa mniambie, mtu anayehama anaweka samadi?"

Wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Ardhi ndivyo ilivyosomwa pale, na yeye alikuwa ameisoma kwa sauti. Diwani aliyachukua maneno yale akayafikisha kwenye baraza, na inasemekana huko nako yalipendwa. Placidius akaongezewa miaka miwili ya msamaha. Aliwanunulia wamenyaji soda, na Gloriose akapewa mbili.

Mvua za msimu uliofuata hazijakata, Fuso likaingia kiwandani na turubai jipya. Vijana wakaanza kufungua mitambo. Gloriose alimkuta Placidius ubavuni mwa pipa kubwa, akielekeza kamba zipite wapi. Siku hiyo hakutoa salamu.

"Bosi, si umesamehewa?"

"Nimesamehewa, Mama Dusabe. Nashukuru."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Mwanza. Chupa zinatoka Mwanza, wanunuzi wako Mwanza. Huku naleta chupa tupu, narudisha zilizojaa, nyingine zinapasuka njiani. Umeme ukikatika nachoma dizeli. Ukiyaweka hayo pamoja, ushuru ule si kitu."

"Kama si kitu, msamaha uliuombea nini?"

"Ungepewa wewe, ungeukataa?"

Gloriose akauliza swali jingine, lile lililokuwa likimchoma. "Na migomba?"

Placidius aligeuka kuelekea getini kama mtu aliyeambiwa ana mgeni. "Ile? Vumbi la barabarani lilikuwa linaingia kwenye mapipa, mama. Nikasema nipande kitu cha kulizuia. Kibanja changu kiko Muleba, alikozikwa baba yangu."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Huyu alizaliwa ndani ya migomba. Kwake ilikuwa majani. Gloriose, aliyenyimwa, ndiye aliyeifanya kiapo cha kukaa, tena kiapo cha mtu mwingine.

"Wangekunyima msamaha," alisema Gloriose polepole, "ungekwenda lini?"

"Pengine wiki ile ile ya mkutano. Walinichelewesha msimu mmoja." Kisha akamwambia nafasi yake ipo Mwanza, ya usimamizi ule ule, na chumba atatafutiwa. Gari la mwisho lingeondoka Jumatatu.

Sokoni Joviana alimpokea kabla hajaweka kikapu chini. "Mama Migomba, vipi, kiwanda kimeota mizizi?"

"Kimeota matairi," alijibu Gloriose, akanunua nyanya zake akaondoka, maana hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu aliyekuwa sahihi.

Ila hata usahihi wenyewe haukumkaa sawa kichwani. Mishahara ya msimu ule mmoja aliipeleka yote kwa Mzee Rwegasira. Kwa hiyo msamaha ulimnunulia kitu, ardhi ya kukanyaga kwa miguu yake. Na zahanati bado inavuja, na mjukuu wake, mtoto wa Dusabe, alichomwa sindano juzi chini ya mwavuli. Angemlaumu nani? Alijaribu kumlaumu Placidius, haikushika. Akajaribu kujilaumu mwenyewe, nayo haikushika sawasawa. Alifika nyumbani, akageuka kabla hajakaa, akaenda kwa Mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia." Rwegasira alimpisha kwenye benchi, lakini Gloriose hakukaa. Mzee akamwambia asihangaike: makubaliano yao yangesubiri. Aendelee na maharage yake kama zamani, na siku akipata kazi nyingine wangeendelea pale walipoishia. Alisema kwa huruma ya kweli. Gloriose alijiona akisubiri, kisha mawazoni akamwona mama yake na mgongo wake uliopinda.

"Nikatie," alisema.

"Nikukatie nini?"

"Nilicholipia. Mwanza siendi, na kusubiri siwezi. Kata kipande kinacholingana na jasho langu, kinachobaki ni chako."

Mzee alifikiri, akasema basi achukue upande wa bondeni.

"Bondeni ni mawe matupu, Mzee. Nimeyalima mimi, nayajua moja moja. Nataka juu, panapopakana na kibanja chako."

"Huko ndiko kwenye udongo."

"Ndiyo maana."

Walivutana mpaka chai ya mzee ikapoa. Mwisho akacheka, akakohoa, akakubali, kipande chembamba kuliko alichotaka Gloriose na kinono kuliko alichotaka Mzee. Akasema wiki ijayo angewaita majirani waje kupanda milamula, ile mimea ya mpaka ambayo ikishashika hakuna wa kubisha.

"Leo," alisema Gloriose.

"Mama Dusabe, mvua hiyo inakuja."

"Itaishikisha vizuri."

Akaenda mwenyewe kuwagongea majirani, akarudi nao wakinung'unika, jembe begani. Matone yakaanza kabla hawajafika katikati ya mstari, na Mzee akataka waahirishe. Gloriose alikuwa ameshachimba shimo linalofuata.